Ndege Imepigwa, Nani Akuambie? Maonyo ya Uharibifu katika Simuleta Nne za Ndege za Kivita

Shemeji yangu ni fundi wa magari Kisekka, hapa Kampala. Siku moja dereva wa taksi alimletea gari lenye kipande cha plasta nyeusi kwenye dashibodi, kimebandikwa juu kabisa ya taa ya injini. "Shemeji, inawaka kila siku na gari linatembea," dereva akajitetea. (Kisekka kila mtu ni shemeji mpaka bei itajwe.) Fundi akabandua plasta, akawasha gari, akainamisha kichwa akasikiliza. Taa haikuwa inasema gari limegonga shimo gani wala nani alilitia oili mbovu. Ilikuwa inasema kuna kipimo kimoja hakiko sawa, basi. Mengine aliyapata kwa sikio.

Kisa hicho hunijia kila nikiwa kwenye chumba cha gemu tunachokutania Wandegeya, kwa sababu ubishi wetu pale ni ule ule. Kijana amedunduliza pesa, amepata kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro, anataka simuleta moja ya ndege za kivita, yaani gemu linaloiga urushaji wa ndege ya kweli, na swali lake ni hili: ipi ina uhalisia? Ukimwuliza uhalisia wa nini, atakujibu wa kila kitu. Sasa hiyo haipo sokoni. Kwa hiyo mimi huwa namrudisha kwenye swali moja dogo linalofichua tabia ya simuleta nzima: ndege yako ikipigwa, unajuaje?

Nitaweka mezani nne ambazo wenzangu huzitaja: War Thunder, IL-2 Great Battles, DCS World na Falcon BMS. Sizungumzii maonyo ya hatari inayokuja, kama rada ya adui au kombora lililofyatuliwa. Nazungumzia kinachofuata baada ya chuma kugusa chuma.

Tunapima nini

Ndege ya kweli haijui kwamba imepigwa. Hakuna waya unaompelekea rubani habari kuwa risasi imeingia. Kuna vipimo tu: presha ya oili, presha ya haidroliki (majimaji yanayosukuma usukani), joto la injini, mafuta, umeme wa jenereta, na nyaya zinazohisi moto kandokando ya injini. Risasi ikipita pasipo na kipimo, ndege inanyamaza. Ikikata bomba, ndege inasema presha imeshuka, na haiongezi neno. Ni kama mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, inayokuonyesha yuniti zinakwisha bila kukuambia nani kachomeka pasi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa tarehe 1 Mei 1983. Rubani wa Israel, Zivi Nedivi, akiwa kwenye mazoezi juu ya jangwa la Negev, aligongana na ndege nyingine na F-15 yake ikapoteza karibu bawa zima la kulia. Yeye hakujua. Mafuta yaliyokuwa yakimwagika yalitanda kama ukungu yakaficha pengo. Alichohisi ni ndege inayotaka kubingirika. Akaongeza mwendo hadi ikatulia, kisha akatua nayo kwa kasi karibu mara mbili ya kawaida. Hakuna taa iliyotengenezwa kusema "bawa halipo".

Upande wa pili kuna Kim Campbell wa Marekani, aliyepigwa juu ya Baghdad tarehe 7 Aprili 2003 akiwa kwenye A-10. Yeye alisikia kishindo, taa zikawaka, presha ya haidroliki ikaenda sifuri na ndege ikaanza kuelekea ardhini. Taa zilimwambia kilichokufa ni nini, naye akajua swichi ipi inairuhusu A-10 kuongozwa kwa nyaya na nguvu za mikono. Akairudisha kambini. Mwaka huo huo, mwezi Novemba, ndege ya mizigo ya DHL ilipigwa kombora la kurushwa begani ilipoondoka Baghdad, ikapoteza mifumo yote mitatu ya haidroliki. Marubani wake waliitua kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili.

Kutokana na visa hivyo napata maswali yangu. *Chanzo*: habari inatoka kwenye kipimo cha ndege au kwenye gemu linalojua yote? *Muda*: inakuja papo hapo, au inachukua njia yake kama ilivyo kweli? *Kimya*: ni mambo gani unaachiwa uyagundue mwenyewe? *Mikono*: ukishajua, kuna la kufanya? Na kwa sababu tunaishi Uganda, *mfuko*: pesa, bando, diski na umeme. Maswali ni yale yale kwa wote, ila majibu hayalingani urefu, maana simuleta nyingine zina mengi ya kusemwa na nyingine zina machache.

War Thunder

Wengi wetu tulianzia hapa. Kampuni ya Gaijin iliifungua kwa umma mwaka 2012, kuipakua ni bure, na haibagui kompyuta.

*Chanzo* ni gemu lenyewe. Pembeni ya skrini kuna mchoro mdogo wa ndege yako; sehemu iliyoguswa inabadilika rangi, njano, kisha nyekundu, mpaka nyeusi ikiwa imekufa. Maandishi nayo yanatokea kukuambia injini inachemka au unaungua. Kinachoshangaza ni kwamba ndani kwa ndani hesabu ya uharibifu si ya kitoto. Risasi inafuatiliwa ilikopita: tangi, rejeta, injini, nyaya za usukani, hata rubani mwenyewe. Ni kama hospitali yenye maabara nzuri sana ambayo majibu yake yanasomwa na mpiga ramli.

*Muda*: papo hapo. *Kimya*: karibu hakuna, Nedivi angeona bawa jeusi kwenye mchoro kabla ukungu haujatanda, na huenda angeruka kwa parachuti. *Mikono*: unapunguza nguvu injini ipoe, unashuka kwa kasi ukiomba moto uzimike, au unakimbilia uwanjani ukatengenezwe.

Tuwe waungwana lakini. War Thunder ina hali ya Simuleta, ambamo unafungiwa ndani ya chumba cha rubani na unaongoza ndege bila msaidizi wa kukunyooshea mkono. Ukiwa humo, geji za ndege za zamani zinaanza kuwa na maana, na mshtuko wa kupigwa bila kumwona mpigaji ni wa kweli kabisa. Ila katika jeti, usitarajie paneli ya taa ikuongoze hatua kwa hatua kama utakavyoona huko chini.

*Mfuko*: pesa unaweza usitoe hata shilingi, lakini unalipa kwa saa, kwa sababu kufikia ndege za juu kunataka subira ya mvuvi. Unahitaji intaneti muda wote, na seva ziko mbali nasi. Kutoka Kampala, adui uliyemlenga wakati mwingine ameshahama pale unapomwona.

Inamfaa mwenye nusu saa baada ya kazi, mwenye marafiki wa kucheza nao, na anayetaka kujifunza ndege inavunjikia wapi kabla ya kujifunza inavyolalamika.

IL-2 Great Battles

Moyo wangu uko hapa, nakiri mapema ili msomaji anipunguzie imani panapostahili. Mfululizo huu ulianza na Stalingrad mwaka 2014, ukaja Moscow, Kuban, Bodenplatte na Normandy. Ndege za vifurushi hivyo ni za Vita vya Pili vya Dunia, na jambo hilo peke yake linageuza mjadala wote, kwa sababu ndege hizo hazikuwa na mfumo wa maonyo wa kusimulia. Zilikuwa na geji, harufu na mtikisiko.

*Chanzo*. Ukizima misaada, kilichobaki ni sindano za geji na macho yako. Ukiiwasha, kuna maandishi ya msaidizi wa kiufundi yanayokutajia hali ya injini na joto lake. Anayeanza ayatumie bila aibu. Akishazoea ayazime, maana yakiwaka unakuwa na fundi asiyeonekana ameketi begani.

*Kimya* ndipo ilipo starehe. Niliwahi kupigwa nikiwa kwenye Spitfire Mk IX, sauti kama mtu katupa kokoto juu ya bati. Nikatazama mabawa, yapo. Usukani, unaitika. Nikajipongeza. Nilipogeuka kutazama nyuma nikaona uzi mweupe mwembamba unanifuata. Mweupe wa nini? Mafuta? Maji ya rejeta? Uzi peke yake hausemi. Ilibidi nikae nikiitazama sindano ya joto, na yenyewe ikaanza kupanda polepole kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Hapo nikajua. Injini yake, Merlin, inapozwa kwa maji yenye glikoli, na rejeta ikitoboka unahesabu dakika. Niligeuza pua kuelekea kwetu, nikapunguza nguvu, nikatua shambani kwa tumbo kabla haijanifia angani.

Kesho yake nilirusha P-47. Ile ina injini ya R-2800 ambayo inapozwa kwa hewa, haina maji ya kumwaga. Nikapigwa vibaya zaidi, oili ikarukia kioo cha mbele mpaka nikawa natazama kama mtu nyuma ya pazia, na injini ikanirudisha nyumbani ikikohoa. Risasi zile zile, adui yule yule, habari tofauti kabisa, kwa sababu mashine ni tofauti. Hakuna maandishi yangeweza kunifundisha hilo.

Nyaya za usukani zikikatika, mkono unasogea na mkia hausikii. Rubani akijeruhiwa, macho yanaingiwa na giza. Hakuna anayekutangazia.

*Muda* basi ni ule wa mashine: tundu dogo huchukua dakika nyingi, kubwa huchukua chache. Kasoro yake iko kwingine. Kwa miaka mingi wachezaji wamelalamikia saa ya injini: ukitumia nguvu ya dharura kupita dakika zilizowekwa, injini inaharibika kama iliyokuwa ikihesabu vidole. Injini ya kweli haina saa ya namna hiyo tumboni. Hapo simuleta inageuza kanuni ya kitabu kuwa sheria ya maumbile, na onyo lake linakuwa la karani zaidi kuliko la chuma.

*Mikono*: machache, kwa sababu ndege zenyewe zilikuwa na machache. Fungua rejeta, punguza nguvu, tafuta pa kutua, au toka na parachuti.

*Mfuko*: inauzwa kwa vifurushi, na punguzo huja mara kwa mara, kwa hiyo asiye na haraka hununua nafuu. Haitaki kompyuta ya kutisha. Inamfaa mwenye subira na sikio, anayependa historia, na asiyetaka kukariri vitufe 200 kabla ya kuruka.

DCS World

Kampuni ya Eagle Dynamics inakupa msingi bure, pamoja na ndege mbili: Su-25T ya Kirusi, na TF-51D, ambayo ni Mustang isiyo na silaha. Ndege nyingine unanunua moja moja. Kwa Mganda kuna mvuto wa ziada, kwani MiG-21, L-39 na Mi-24, ndege ambazo jeshi letu la anga limezirusha, zote zina moduli humo, yaani kifurushi cha ndege moja. Su-30 yetu haimo, kwa hiyo usiuziwe mbuzi kwenye gunia na anayekuahidi.

*Chanzo*. Katika moduli zilizotengenezwa kwa kina, onyo linatoka kwenye mfumo wenyewe wa ndege. Chukua F/A-18C. Injini ya kushoto ikishika moto, taa nyekundu inawaka na sauti ya mwanamke inatamka kwa Kiingereza, mara mbili, kwamba kuna moto katika injini ya kushoto. Mapungufu mengine yanaandikwa kwenye skrini ya kushoto, taa kuu ya tahadhari ikiwaka. Katika A-10C kuna paneli nzima ya taa ndogo, kila moja na jina la mfumo wake. Katika Mi-24P utasikia mwanamke wa Kirusi, na ukitaka unaweza kuchagua Kiingereza.

Jirani yetu mmoja mzee, fundi wa helikopta mstaafu, aliwahi kuja kunitazama nikirusha hiyo Mi-24. Tumezoea kuongea naye Kiswahili cha kambini. Nilipopigwa na taa zikaanza kuwaka, nikapapatika.

"Kijana, umepigwa wapi?" akauliza.

"Sijui, mzee. Taa zimewaka nyingi."

"Usihesabu taa. Ipi imewaka kwanza?"

Sikuwa nimeona. Akacheka, akasema basi nimeshapoteza nusu ya habari, kwa sababu taa ya kwanza ndiyo mgonjwa na zinazofuata ni ndugu wanaokuja matangani.

Hilo ndilo DCS inalifanya vizuri inapofanya vizuri: maonyo yana ukoo. Injini ikifa, jenereta yake inafuata, na pampu ya haidroliki iliyokuwa ikizungushwa na injini hiyo nayo inalegea. Unaona *muda* ukipita kati ya moja na jingine, na ukisoma mfuatano unaweza kurudi hadi kwenye chanzo.

*Mikono* hapa imejaa kazi. Katika F/A-18C unabonyeza taa ya moto yenyewe, ambayo inafunga mafuta kwa injini hiyo, kisha unabonyeza kitufe cha kizima moto. A-10C ina mipini mitatu ya moto na chupa mbili za kuzimia, na ile swichi ya Campbell ipo, inafanya kazi. Nimejaribu safari yake mara nyingi. Mikono inachoka hata kwenye joistiki ya bei rahisi, kwa sababu ndege inakuwa nzito na mvivu kugeuka.

*Kimya*: inategemea moduli, na hapa ndipo DCS inapoyumba. Ndege za Vita vya Pili zilipewa mfumo mpya wa uharibifu wenye mbavu na mabomba ya kuhesabika, ilhali jeti za kisasa zimebaki na ule mwepesi zaidi. Unaweza kuwa na chumba cha rubani kinachojua kulalamika kwa ufasaha, juu ya mwili usiojua kuumia kwa ufasaha. Nimewahi kurudi na tundu la kupitisha mbuzi na taa zote zimezimika kwa utulivu; nimewahi pia kupasuka vipande kabla taa ya kwanza haijapata nafasi. Kumbuka pia kwamba watengenezaji wa moduli ni wengi, kila mmoja na mkono wake. Su-25T ya bure na ndege za kundi la Flaming Cliffs zimerahisishwa: utasikia sauti ikikuambia injini ipi inaungua, lakini usitarajie kubonyeza kila swichi iliyo mbele yako.

*Mfuko*: moduli kubwa kama F/A-18C bei yake kamili inakaribia dola 80. Kuna majaribio ya bure ya siku 14 kwa moduli nyingi, na punguzo la bei si haba. Diski ndiyo inayoumia: ukiongeza ramani na ndege, unaingia kwenye mamia ya gigabaiti, na bila SSD, ile diski ya kasi, utazeeka ukisubiri. Kwa bando zetu, kupakua ni safari ya usiku kadhaa.

Inamfaa anayeipenda ndege moja maalumu kiasi cha kutaka kuisomea, na mwenye kompyuta ya kisasa.

Falcon BMS

Hii ina historia ya kipekee. Falcon 4.0 ilitolewa na MicroProse Desemba 1998. Mashabiki waliishika, wakaijenga upya kwa miaka mingi bila malipo, na BMS ndiyo kazi yao. Inakutaka uwe na nakala halali ya Falcon 4.0, ambayo bei yake haifiki dola 10.

*Chanzo* na *muda* hapa tuvisome pamoja, kwa sababu F-16 yenyewe imepangwa hivyo. Juu ya dashibodi, usawa wa nyusi, kuna taa nyekundu za mambo ya kuua: moto, injini, haidroliki na oili, mfumo wa kuongoza ndege. Kulia kuna paneli ya taa za njano za mambo yanayoweza kungoja. Kuna pia skrini ndogo ya maandishi inayoorodhesha hitilafu kwa vifupisho, na kitufe cha kuikubali kila moja. Taa nyekundu ikiwaka, sekunde moja na nusu baadaye sauti inakuonya. Taa ya njano ikiwaka, mashine inakupa sekunde 7. Ukiizima taa kuu ya tahadhari kabla ya hapo, sauti haikusumbui. Nilipoligundua jambo hili kwa mara ya kwanza nilicheka, kwa sababu ndivyo mama yangu alivyokuwa akituita kula: kwanza jicho, kisha sauti.

*Mikono*. F-16 ina injini moja, na usukani wake ni umeme unaoamuru haidroliki, kwa hiyo hakuna kurudi kwenye nyaya kama A-10. Kuna mfumo A na mfumo B. Yote miwili inasukuma mabawa na mkia, lakini B ndio unaoteremsha magurudumu na kukupa breki. Kwa hiyo kusoma kwamba taa ya haidroliki imewaka hakutoshi. Unashusha macho kwenye geji mbili uone ni ipi imekufa. Ikiwa ni B, panga mapema: magurudumu kwa mpini wa dharura, breki kwa akiba ndogo iliyobaki. Injini ikifa kabisa, kuna kitengo cha nguvu za dharura kinachoweza kuendeshwa na hidrazini, kemikali yenye sumu, nacho kina kama dakika 10 za kazi. Unatafuta uwanja ndani ya muda huo. Vitabu vinavyokuja na BMS vina mamia ya kurasa, na anayevisoma anapewa thawabu yake angani.

*Kimya*: mwili wa ndege. Ukitazama nje, uharibifu unaoonekana ni wa kizamani. Hakuna oili kwenye kioo wala uzi mweupe wa kukutia wasiwasi kama ule wa IL-2. Hadithi yote inasimuliwa kwa taa, geji na tabia ya usukani. Kwa F-16 hilo halinisumbui sana, kwa sababu rubani wake naye haoni tumbo la ndege yake.

*Mfuko*: nafuu kuliko zote kwa kiwango chake cha kina, kompyuta ya wastani inaiweza, na ukishapakua unaweza kucheza bila intaneti. Gharama ni kusoma. Inamfaa mtu wa F-16, anayependa vita inayoendelea hata yeye akiwa chini, na asiyeogopa vitabu.

Risasi moja, simuleta nne

Ili tofauti ionekane kwa mkupuo: fikiria risasi imekata bomba moja na haikugusa kingine. Kwenye War Thunder, rangi inabadilika kwenye mchoro kabla hujashusha pumzi. Kwenye IL-2 hujui lolote mpaka utazame nyuma au uitazame sindano. Kwenye A-10C ya DCS, geji ya haidroliki ya upande mmoja inaanguka, taa yenye jina lake inawaka, taa kuu inapepesa, na ndege bado inaruka kwa mfumo wa pili. Kwenye BMS taa nyekundu inawaka, sauti inafuata, na swali la A au B linakungoja.

Hakuna kati ya hizo iliyo ya uongo mtupu. Hata mchoro wa War Thunder unatetewa kwa hoja hii: rubani wa kweli anahisi mtikisiko mgongoni na ananusa moshi, wewe uko kwenye kiti cha plastiki Wandegeya, basi rangi inafidia pua na mgongo usionao. Hoja hiyo naikubali nusu. Nusu nyingine inaniambia kwamba pua ya rubani haijawahi kumchorea ramani.

Kulingana na hali yako

Kama kompyuta yako ni ya kawaida na hujawahi kurusha chochote, anza na War Thunder, halafu ndani ya mwezi hamia hali yake ya Simuleta. Ukiona unaifurahia ile hofu ya kutojua, umeshajua njia yako ni IL-2.

Kama unataka onyo lisilo na maneno, la kusoma moshi na sindano, nunua kifurushi kimoja cha IL-2 wakati wa punguzo. Rusha ndege ya rejeta na ndege ya kupozwa kwa hewa, moja baada ya nyingine. Acha msaidizi wa kiufundi awake wiki mbili, kisha mzime.

Kama kuna ndege moja unayoiota, iangalie kama iko DCS na uijaribu siku 14 kabla ya kulipa. Usinunue mbili. Kama huna hela kabisa lakini una diski na kadi nzuri, Su-25T ya bure itakufundisha kusikiliza sauti ya onyo na kurudi na injini moja.

Kama unasomea urubani Soroti, usidhani yoyote kati ya hizi ni darasa. Hata hivyo tabia ya kupitisha macho kwenye geji kwa mpangilio, na kuuliza ipi imewaka kwanza, utaipata vizuri kwenye DCS na BMS. War Thunder yenye mchoro wake itakuzoesha vibaya, itazame kama burudani.

Kama mna mtoto wa miaka 12 nyumbani na kompyuta ni ya wote, BMS itamkimbiza na DCS itajaza diski ya baba. IL-2 yenye misaada imewashwa inaweza kuwakalisha pamoja.

Na kama mtaani kwenu umeme hukatika bila hodi, chagua unayoweza kucheza peke yako, kama BMS au safari za peke yako za DCS. Ukikatika unampoteza rubani wa kompyuta tu. Kwenye War Thunder, wenzako kumi na kitu watabaki wakidhani umeikimbia vita.